Unga wa Nalituku

Mbaruku mrina asali alikuwa mtu wa maringo, na mimi sitamfichia. Wanaomtaja siku hizi wanamsikitikia tu, ati masikini wa Mungu, ati alionewa. Alionewa, nani anabisha? Lakini kabla ya kuonewa aliringa, aliringa hadharani, mbele ya kijiji kizima, na maringo yale ndiyo yaliyowafungulia njia wenye mashoka. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nalituku kilikuwa kijiji cha nyumba thelathini hivi, mwendo wa asubuhi moja kutoka Nachingwea, upande wa kwenda Chiola. Chini yake kulikuwa na bonde, na ndani ya bonde msitu mnene. Katikati ya msitu palitoka chemchemi isiyokauka hata Oktoba, jua linapopasua ardhi. Wote walikunywa hapo. Kando ya chemchemi ulisimama mti wa msolo, mti ambao Wamwera tangu zamani humwagia unga chini yake wanapotaka kusema na wazee wao waliokufa. Msitu, chemchemi na msolo, vyote vilikuwa na mtunzaji mmoja, na utunzaji huo mjomba alimwachia mpwa wake. Ndivyo Mbaruku alivyoupata. Aliswali Ijumaa kama wenzake, na unga alimwaga. Mwalimu wa msikitini alinung'unika kidogo, kisha alikwenda kuchota maji kwenye chemchemi ile ile.

Msitu ule Mbaruku aliujua kwa sikio. Alijua mti gani una nyuki kwa kusimama chini yake tu. Alijua kima wanalala wapi, kwale wanataga wapi, sungusungu, wale sisimizi wakubwa weusi, wanapita wapi wakihama mvua. Ndege wa asali alikuja kumwita mlangoni asubuhi, akipiga kelele juu ya paa mpaka atoke, na Biasha, mkewe, alicheka akisema, "Nenda, mke mwenzangu anakuita."

Basi wakaja wazungu wa mradi wa karanga, na mji wa Nachingwea ukaota ghafla. Pale palipokuwa na vibanda vichache mwaka wa arobaini na sita, mwaka wa arobaini na tisa palikuwa na mabohari, karakana, reli, soko, kilabu cha pombe, safu kwa safu za nyumba za mabati na mahema ya watu kutoka kila upande wa dunia. Na mji unakula, ndugu yangu! Matrekta mawili yalifungwa mnyororo mmoja mnene, yakaenda sambamba, na kila kilichosimama katikati kililala. Walipomaliza mashamba walitaka kuni, nguzo, mchanga na mawe. Kwale na kanga walihama kwa kishindo. Kima walishuka kwenye mashimo ya taka wakagombania makopo na mbwa, wakapigwa risasi kwa mchezo siku za Jumapili. Mwaka mmoja na nusu tu, na ukisimama barabarani huoni mti wa kumfungia mbuzi.

Hapo ndipo macho yalipogeukia Nalituku. Mkandarasi mmoja wa majengo, aliyeitwa Bwana Kofia kwa sababu hakuonekana bila kofia, alipewa kazi ya kujenga nyumba za mafundi. Akaipenda ile miteremko ya bonde, ina upepo na ina maji. Tatizo likawa moja. Matrekta hayakuweza kushuka bondeni, ilibidi watu waingie na mashoka, na vibarua wa Kimwera walikataa katakata. Waliambiwa wataongezewa posho, wakakataa. Walitishwa kufukuzwa, wakakataa. Walisema msitu ule una mwenyewe, na bila neno lake hawatii shoka.

Bwana Kofia akamtuma nyapara wake, Dastani. Huyu alikuwa mtu wa huko huko, amezaliwa karibu na misheni, mwenye kaptula iliyonyooshwa na ulimi ulionyooshwa zaidi. Alimkuta Mbaruku ndiyo kwanza amerudi kutoka Ruangwa. Yeye na Biasha walikaa huko siku nne kwenye arusi ya binti wa Zaina, dada yake Mbaruku. Dastani hakwenda kumwona faragha. Aliwakusanya watu uwanjani kwanza.

"Bwana Mbaruku," alisema, "sisi hatukuja kwa ubabe. Tumekuja kuomba. Nimeambiwa kuna desturi."

"Ipo," alisema Mbaruku.

"Na ni desturi ya kukubali na kukataa? Au ya kukataa tu?"

Watu walicheka. Mbaruku naye alicheka, na hapo maringo yakampanda. Alijua jambo ambalo Dastani hakulijua. Ombi dogo, la mvua au la mgonjwa, unga wake humwagwa ukafunikwa chungu. Asubuhi ukikutwa umesimama vile vile, wazee wamekubali. Lakini ombi la kuukata msitu wenyewe unga wake hauna chungu. Huachwa wazi, jioni tatu, asubuhi tatu. Ukiguswa hata siku moja, wazee wamekataa na shauri limekwisha. Mjomba wake alimwagishwa hivyo mara mbili maishani mwake, mara ya kwanza Wajerumani walipotaka shamba la pamba, mara ya pili ilipotakiwa barabara. Mara zote mbili unga haukuona jua la siku ya kwanza. "Wewe uache wazi," mjomba alimwambia, "kisha ukalale usingizi wako." Hakueleza zaidi.

Basi Mbaruku alisimama, akajifunga msuli vizuri, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya mwisho, "Nitamwaga unga siku tatu. Ukisimama siku zote tatu, mimi Mbaruku kwa mkono wangu nitakata mti wa kwanza. Ukiguswa, wewe na Bwana Kofia wako msikanyage hapa tena. Mnasikia wote?"

"Tumesikia!" waliitikia watu, wakijipigia makofi ya ushindi.

"Neno lako hilo?" aliuliza Dastani.

"Hilo."

Jioni ile Mbaruku alishuka na kibakuli cha unga wa mtama. Alifagia chini ya msolo kwa mkono, akaumwaga taratibu ukasimama na ncha yake, akawataja wazee kwa majina. Msitu ulikuwa na harufu kidogo, kama ya mafuta ya taa. Alilaani mashine za barabarani zinazotia uvundo mpaka bondeni. Halafu akarudi, akala ugali wake, akalala usingizi wake kama alivyofundishwa.

Asubuhi unga ulikuwa umesimama.

Alichuchumaa akautazama. Ncha ile ile, hata punje moja haikutoka. Hata sisimizi mmoja hakuonekana! Dastani aliyekuja na mashahidi wawili alivuta sigara tu. Mbaruku akasema siku bado mbili, na watu wakasema ndiyo, bado mbili. Akauzoa unga, jioni akamwaga mwingine.

Siku ya pili, unga umesimama. Njiani Mbaruku alikuta panya amekufa, tumbo juu, akadhani ni kazi ya nyoka. Kitu kingine kilimsumbua asijue ni kitu gani, mpaka alipofika nyumbani ndipo alipotambua kwamba hakusikia nyuki. Alijiambia labda mvua inakaribia, wametulia. Na ndege wa asali? Siku ngapi hajaja kuita? Alihesabu akaacha. Tangu warudi arusini, ndege hakuja.

Jioni ya tatu Biasha alimfuata mpaka ukingo wa bonde. Alikuwa amembeba Sikuzani, mtoto wao wa pekee, wa miaka mitano, aliyepatikana baada ya mimba nne kuharibika.

"Baba Sikuzani," alisema, "kesho alfajiri utafika wewe kabla yao?"

"Nitafika."

"Ukiukuta umesimama, upige teke."

Mbaruku alimtazama kama hajawahi kumwona. "Niupige teke unga wa wazee?"

"Piga! Nani atajua? Sema panya, sema kwale, sema chochote. Wewe unataka heshima au unataka maji?"

"Nikisema uongo pale, mimi si mtunzaji tena."

"Na wakikata, utatunza nini? Utatunza ulimi wako?"

Mbaruku alikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtu aliyeambiwa kweli. Alimwaga unga, akarudi, akageuka geuka kitandani usiku kucha. Alfajiri alishuka peke yake, giza bado halijaisha. Unga ulikuwa umesimama. Aliinua mguu. Ndiyo, aliuinua, alikuja kukiri mwenyewe miaka mingi baadaye. Aliinua mguu wa kulia, kisha akauona uso wa mjomba wake, akaushusha polepole mahali pake. Akakaa chini akangoja, na Dastani alipofika na watu nyuma yake, waliukuta unga na ncha yake na mtunzaji ameketi kando amejiinamia.

"Wazee wamekubali," alisema Dastani, na kwa adabu kabisa akamkabidhi shoka.

Unadhani kuna aliyesema hapana? Hakuna. Wale wale waliopiga makofi walimtazama yeye. Neno ni lake, unga ni wake, msolo ni wake. Alisimama, akatema mate mkononi kama mkata mti yeyote, akaupiga mti mmoja mwembamba wa mtondoo kando ya njia. Ulianguka kwa mapigo sita. Baada ya hapo vibarua mia na ishirini waliingia bondeni wakiimba.

Ilichukua wiki tatu. Miti mikubwa ilifanywa nguzo, midogo ikawa kuni za matanuri ya tofali, na iliyobaki ikachomwa pale pale. Mizinga ya nyuki ilipopasuliwa ilikutwa imejaa asali na chini yake nyuki wakavu kama makapi. Vibarua wakala asali, wakatapika, wakasema asali ya mizimu hiyo. Msolo ulikatwa siku ya mwisho. Kisiki chake kilikuwa kigumu, wakakiacha.

Chemchemi ilidumu mpaka Agosti. Kwanza ikawa matope, halafu ikawa alama tu ya unyevu, halafu hata mbwa hakuinusa. Watu walianza kuchota kwenye shimo lililochimbwa mchanga wa ujenzi, ambalo lilikuwa na maji ya kijani yenye utando wa grisi. Wakubwa waliharisha wakapona. Sikuzani aliharisha siku mbili, akafa siku ya tatu adhuhuri, na maji ya kumwoshea ilibidi yaombwe kambini kwa debe.

Biasha hakupiga mayowe. Alipotoka eda ya moyo wake, maana nyingine haikuwapo, alifunga furushi lake la nguo na sufuria moja akaenda kwa ndugu zake huko Mbekenyera. Mlangoni alisema neno moja tu kwa mumewe. "Teke moja, Mbaruku." Wala hakumwita tena baba Sikuzani.

Kijiji kilitawanyika, wengi wakaelekea Ruangwa kuanza mashamba upya kwenye ardhi ya watu. Kila walipokaa walisimulia habari ya mtu aliyekata maji ya kwao kwa mkono wake mwenyewe, akasingizia wazee. Wengine waliongeza kwamba alihongwa. Wengine walitaja mpaka baiskeli aliyohongwa, rangi yake na kengele yake. Baiskeli! Mtu yule hakuwahi kumiliki hata pampu.

Asali hakuna, kijiji hakuna, Mbaruku alikwenda mjini. Na nani alimpatia kazi? Dastani, tena kwa roho nyeupe kabisa. Mji ulikuwa umegundua kwamba hauna kivuli. Wazungu waliungua pua, wake zao wakalalamika, ikaamriwa ipandwe mijohoro kando ya barabara na maua mbele ya nyumba. Basi yule aliyekuwa na bonde zima la miti alipewa makopo mawili na mti wa kuyabebea mabegani, akawa anamwagilia vijiti vya mijohoro asubuhi na jioni. Mbuzi wakila kimoja anafokewa yeye.

Siku moja mwaka wa hamsini na moja alikuwa akimwagilia maua mbele ya nyumba ya Bwana Kofia, akaja mtu mwenye debe la dawa mgongoni na mpira mkononi. Jina lake Saturnini, kijana mcheshi wa misheni, rafiki wa kila mtu. Alikuja kuua siafu waliopanda ukuta wa jikoni. Alipuliza, na harufu ikamfikia Mbaruku puani. Harufu kama ya mafuta ya taa.

Mbaruku aliweka makopo chini.

"Dawa gani hiyo?"

"Hii? Hii hatari, mzee wangu!" Saturnini alisema kwa majivuno ya kazi yake. "Mbu, mbung'o, siafu, papasi, vyote chali. Hata panya akilamba. Wewe si wa Nalituku? Kule ndiko tulikomwaga kwelikweli. Bwana Kofia aliogopa mbung'o, akasema wapimaji wake hawaingii mpaka tusafishe. Tuliacha lori upande wa juu, mbali na nyumba zenu, tukashuka kwa miguu watu kumi na wawili, kutwa nzima, mapipa manne. Kila mti, kila kichuguu. Tulipomaliza, haki ya Mungu, hapakuwa na mdudu wa dawa. Ungeweza kumwaga sukari chini ukaikuta wiki ijayo."

"Lini?"

"Kabla hawajakata. Dastani alikuja kwenu baada yetu, kama siku tatu hivi."

"Dastani alijua?"

Saturnini alifikiri kidogo. "Alijua tumepuliza. Habari ya unga wenu sidhani kama aliifikiria. Yeye alitaka kazi iende." Kisha akacheka, maana alikuwa mcheshi na hakuona ubaya. "Kumbe mlimwaga unga kwenye dawa yangu! Lo, mzee, mngeniuliza mimi!"

Hapo Mbaruku aliuelewa usingizi wa mjomba wake. Unga wazi, msituni, siku tatu! Katika msitu ulio hai hakuna unga unaoweza kusimama hata usiku mmoja. Wazee walioweka sheria ile walijua. Waliweka sharti lisilowezekana ili jibu liwe hapana daima, na kazi ya kusema hapana wakawapa sungusungu. Mtunzaji hakuwa yeye. Yeye alikuwa mbeba kibakuli tu, na siku watunzaji wenyewe walipouawa, yeye alikuwa arusini akila pilau.

Aliomba ruhusa ya siku mbili, akaenda Ruangwa kwa miguu kumweleza dada yake. Zaina alikuwa akipepeta ufuta. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo.

"Kwa hiyo wazee hawakukubali," Mbaruku alisema. "Unasikia, dada? Hawakukubali! Ilikuwa dawa!"

"Nimesikia. Sasa wewe unataka niseme nini? Niwaite watu niwaambie ndugu yangu hakudanganywa na wazee, alidanganywa na pampu ya dawa? Wazee wa kushindwa na pampu, tuwafanyie nini?" Alipuliza makapi. "Mtoto wako angali kaburini, Mbaruku. Kula, kuna muhogo hapo, halafu urudi kazini kwako."

Alikula muhogo. Alikuwa na njaa, angefanyaje?

Mwaka ule ule karanga zikashindwa. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikufuata hesabu za wazungu, na siku moja ikatangazwa kwamba shughuli zinapunguzwa. Matrekta yaliuzwa, mabati yakang'olewa, Bwana Kofia akapanda ndege na kofia yake. Na zile nyumba za Nalituku? Zilijengwa misingi sita. Misingi, basi. Ukuta hata mmoja haukusimama. Mpaka leo ukienda utaikuta, mjusi anaota jua juu yake.

Mijohoro ilikomaa, kazi ya kumwagilia ikaisha. Mbaruku alibaki mjini akibeba mizigo sokoni, akizeeka haraka. Mwaka wa hamsini na sita, baada ya mvua za masika, alisikia kwa mtu kwamba bonde limeanza kuchipua. Alinunua unga wa mtama, akaenda.

Kweli lilichipua, vichaka vya kufika kiunoni. Kisiki cha msolo kilikuwa kimetoa matawi mawili membamba. Maji hayakuwapo. Alifagia kwa mkono, akamwaga unga. Safari hii hakuwa na ombi la mtu mwingine. Aliwataja wazee wote, mjomba wake mwisho, akaomba jambo moja, asamehewe. Asamehewe maringo yale ya uwanjani, asamehewe kifo cha Sikuzani. Chungu alikuwa nacho kwenye kikapu, maana ombi la mtu mmoja hufunikwa. Alikitoa, akakitazama, akakirudisha. Alisema jambo lake ni la msitu wenyewe, na la msitu huachwa wazi. Akajilaza kando ya msingi mmojawapo.

Asubuhi alisikia kabla hajaona. Sauti ndogo sana, kama mtu anayekwaruza karatasi, na mrina asali hawezi kuikosea. Walikuwa sungusungu. Walitoka chini ya kisiki, mstari mnene, mweusi, unaong'aa, wakaupanda ule unga na kuushuka, kila mmoja na punje yake. Ncha ilikuwa imekwisha. Kufikia jua kuchomoza ulibaki weupe kidogo tu juu ya udongo.

Mbaruku alipiga magoti akawatazama kwa furaha, machozi yakimtoka. Walirudi! Karibu ampigie mtu kelele aje aone. Kisha furaha ikakatika, kwa sababu aliijua sheria vizuri kuliko mtu yeyote aliyebaki hai. Unga umeguswa siku ya kwanza. Wazee wamekataa.

Angeweza kusema ni wadudu tu, si alikuwa ameshaambiwa siri yote? Hakusema. Alingoja mpaka punje ya mwisho ikaingia shimoni, akajipangusa magoti, akachukua kikapu chake na chungu ambacho hakukitumia, akashika njia ya mjini.